Una saitesheni 48 unataka kuomba NIW? Soma hii kabla hujamlipa wakili

Wiki mbili zilizopita jamaa yangu mmoja, tulisoma wote Morogoro, sa hivi yuko Marekani anamalizia posti-doku (utafiti wa baada ya PhD), kanitumia meseji saa tano usiku: "Kaka nina saitesheni 48, NIW watanipa?" (Saitesheni ni pale mtafiti mwingine anapoitaja pepa yako, yani makala yako ya utafiti, kwenye kazi yake. NIW, National Interest Waiver, ni njia ya kuomba grini kadi ya Marekani bila mwajiri.) Nikamjibu kwa swali, katika hizo 48 ni watu wangapi walifanya kitu tofauti kwa sababu ya kazi yako? Kimya. Kesho yake mchana ndo akajibu, "Sijui aisee, sijawahi kuzisoma."

Na wengi tuko hivo hivo, tunaijua namba ila hatujui ndani yake kuna nini. Niseme mapema mimi sio wakili. Ni mtu wa sumukuvu, yani nahangaika na mahindi yaliyoota ukungu, nilijaza maombi yangu mwenyewe, nikaletewa RFE (ile barua ya kudai ushahidi zaidi), nikajibu, ikapita, na tangu hapo nimekaa na wenzangu kadhaa kupanga mafaili yao. Kesi yako ikiwa na mambo mazito, kama uliwahi kuzidisha muda wa viza au una kesi mahakamani, tafuta wakili, haya ninayoandika hayatakusaidia huko.

Kwanza ujue unaombea nini. EB-2 NIW ni ya mtu mwenye masters au zaidi (au digrii ya kwanza na miaka 5 ya kazi baada ya hapo) anayeomba asamehewe sharti la kuwa na mwajiri wa kumwombea. Maswali yake matatu yanatoka kwenye kesi ya Dhanasar ya Desemba 2016: hiyo kazi unayotaka kuifanya ina maana na ina umuhimu wa kitaifa kwa Marekani? Wewe ndo mtu wa kuifikisha mbali? Na ukipima yote, nchi inafaidika ikikusamehe sharti la mwajiri? EB-1A ni njia nyingine ya grini kadi, ya ngazi ya juu zaidi, ina vigezo 10, unatakiwa utimize angalau 3, afu ukishavitimiza wanakaa tena wanapima faili zima kuona kama kweli uko kwenye wale wachache wa juu kabisa kwenye fani yako. Hizo hatua mbili zimetokana na kesi ya Kazarian ya 2010. Zote unajaza fomu I-140 na zote unaweza kujiombea mwenyewe. Na kipimo cha ushahidi sio cha kesi ya jinai, afisa wa USCIS (idara ya uhamiaji ya Marekani) hatakiwi ashawishike asilimia mia, inatosha aone unachosema kina uwezekano mkubwa wa kuwa kweli kuliko kutokuwa kweli.

Watafiti wengi kwenye EB-1A wanategemea vitatu: umeandika pepa, umepitia pepa za wengine kabla hazijachapishwa, na umetoa mchango mpya wa kwako mwenyewe wenye uzito mkubwa kwenye fani. Viwili vya kwanza ni kuambatanisha karatasi tu. Cha tatu ndo watu wanaangukia, na kwenye NIW kitu hichohicho kinarudi kwa jina lingine kwenye swali la pili. Kwaiyo hapo ndo tutakaa.

Mfikirie Erasto Mpemba. Mwaka 1963, mwanafunzi wa Magamba kule Lushoto, anaona maziwa ya aiskrimu yaliyowekwa kwenye friza yakiwa moto yameganda kabla ya yaliyopoa, anamuuliza mwalimu, mwalimu anamwambia umechanganyikiwa wewe. Baadaye akiwa Mkwawa, Iringa, anamuuliza Denis Osborne, mwanafizikia aliyekuja kutoka chuo cha Dar es Salaam, na mwaka 1969 wanatoa pepa pamoja kwenye jarida la Physics Education. Pepa moja! Mwaka 2012 Royal Society of Chemistry ya Uingereza ikaweka shindano la kueleza hilo jambo, yakaja majibu 22,000. Sasa ungekuwa unamwandikia Mpemba maombi ungeanza na idadi ya pepa zake? Si ungeanza na hao watu wanaohangaika mpaka leo na swali lake, na jina lake lililoingia kwenye vitabu vya fizikia. Wewe sio Mpemba na mimi pia sio, ila namna ya kufikiri ni hiyohiyo, tafuta nani alihangaika kwa sababu yako.

Haya, kazi yenyewe. Fungua Google Scholar, nenda kwenye kila pepa yako, bonyeza pale inapoonyesha nani wamekutaja, na uzishushe zote. Zote kabisa, hata ile ya Kireno, hata tasnifu ya mtu wa Indonesia. Afu fungua moja moja, tafuta jina lako ndani, soma aya nzima walipokutaja na sio ule mstari tu. Itakuchukua siku tatu nne, weka chai. Kwenye jedwali lako andika nani, wa nchi gani, mwaka gani, ukurasa wa ngapi, na muhimu kuliko vyote, amekutaja kwa kazi gani. Utaona wanagawanyika haraka sana. Kuna wale wa "sumukuvu ni tatizo kubwa (watu kumi na mbili kwenye mabano na wewe ukiwemo)", hao hawana msaada, usiwatupe ila usiwategemee. Kuna waliolinganisha matokeo yao na yako. Kuna waliokupinga, na usiwafiche hao, mtu kutumia miezi sita kukupinga ni ishara kwamba kazi yako haipitiki pembeni. Na kuna wale dhahabu: "sampuli zilichukuliwa kwa kufuata utaratibu wa fulani na wenzake", na fulani ni wewe.

Nitoe mfano wangu ueleweke. Sumukuvu haikai sawasawa kwenye gunia, punje chache zinaweza kuwa na sumu kali na zilizobaki ni safi, kwaiyo ukichoma bambo sehemu moja unaweza kuondoka na jibu la uongo kabisa. Mimi kazi yangu ilikuwa hapo, uchome wapi, mara ngapi, uchanganye vipi kabla ya kupima. Sio kazi ya kung'aa. Nilikuwa na saitesheni 61, nikatoa za kwangu mwenyewe na za wenzangu tulioandika pamoja (toa hizo, na useme kwamba umezitoa, afisa anapenda kuona umejihesabu kwa haki) zikabaki 43. Katika 43, kumi na moja walikuwa wametumia utaratibu wetu kama ulivyo, kwenye nchi sita, na wawili kati yao wala sio mahindi, ni karanga. Hao kumi na moja ndo walionivusha. Ombi la kwanza nilikuwa nimewafukia kwenye kiambatanisho cha mwisho kama orodha ndefu isiyo na maelezo, nikidhani namba 61 inajisemea yenyewe, na RFE ikaja ikiniuliza kwa upole kabisa hizo saitesheni zinaonyesha nini.

Ukishapata dhahabu zako, chapisha ukurasa wa kwanza wa kila pepa na ule ukurasa uliotajwa, paka rangi ya njano pale kwenye aya, na chini au pembeni uandike sentensi moja ya kawaida inayoeleza walichofanya. Afisa sio mtu wa fani yako. Ana rundo mezani. Usimpe PDF ya kurasa 30 ukategemea atakutafuta humo.

Semantic Scholar (tovuti nyingine ya kutafuta pepa) inasaidia kidogo, inajaribu kutenga saitesheni zenye uzito na inaonyesha kama umetajwa kwenye utangulizi, mbinu au matokeo. Tumia kama tochi ya kuanzia, ila kusoma usome mwenyewe, mashine inakosea.

Kuhusu namba yenyewe, 48 ni nyingi au chache? Haijibiki hivyo hivyo. Mtu wa tiba ya saratani 48 anazipata kabla chai haijapoa, mtu wa isimu ya Kimakonde akipata 15 wenzake wanasimama kumpa heshima. Kwaiyo usipeleke namba uchi. Clarivate (kampuni ya takwimu za saitesheni) wana jedwali la viwango kwa fani na kwa mwaka, linaonyesha pepa ya mwaka fulani kwenye fani fulani inahitaji saitesheni ngapi kuingia kwenye asilimia 1 ya juu, 10 ya juu na kadhalika. Chukua pepa yako yenye nguvu, weka kwenye mwaka wake, uone inaangukia wapi. Ikiangukia pazuri, skrini shoti yenye tarehe. Ikiangukia pabaya, nyamaza, hakuna sheria inayokulazimisha kupeleka jedwali linalokuumiza, we pita njia ya waliotumia kazi yako. Na impakti fakta ya jarida (wastani wa saitesheni za pepa zake) isiwe ndo nguzo yako, inaeleza jarida, haikuelezi wewe. Wanasayansi wenyewe walishaikataa kama kipimo cha mtu kwenye azimio la San Francisco la 2012, na maafisa nao wanajua kwamba kuchapishwa kwenye jarida kubwa sio sawa na kuleta mabadiliko.

Sasa kuna athari ambazo Google Scholar haizioni kabisa, na kwa sisi tuliofanya kazi nyumbani mara nyingi ndo kubwa kuliko zote. Halmashauri ilibadilisha mafunzo ya maafisa ugani kwa kutumia mwongozo wako. Shirika la viwango likakuita kwenye kamati. Kiwanda cha unga kikaanza kupokea mahindi kwa utaratibu wako. Programu uliyoandika ukaiweka GitHub watu wanaishusha. Hivi vyote ni ushahidi, ila mpaka viwe kwenye karatasi. Meseji ya WhatsApp ya bwana shamba "aisee ile njia yenu imetusaidia sana" inapendeza moyoni, ila mrudie umwombe barua ya ofisi yenye jina, cheo, sahihi, TAREHE, na maelezo: walianza kutumia lini, wapi, kwa watu au tani ngapi, zamani walikuwa wanafanyaje. Hayo ya zamani walifanyaje watu wanasahau kuyaomba na ndo yanayoonyesha mabadiliko. Alafu bongo tunaamini muhuri, barua itakuja na mihuri mitatu ya bluu na haina tarehe. USCIS muhuri hauwashtui. Tarehe ndo wanayoitafuta.

Karatasi ikiwa ya Kiswahili, iwe barua ya halmashauri, ukurasa wa gazeti la Mwananchi, mwongozo wa wakulima, lazima iende na tafsiri kamili ya Kiingereza, sio muhtasari, na mfasiri aandike na kusaini kwamba tafsiri imekamilika na ni sahihi na yeye anazimudu lugha hizo mbili. Sheria haisemi awe mfasiri aliyesajiliwa. Ila usijitafsirie mwenyewe, mpe mwenzio, inapendeza zaidi machoni.

Afu linakuja swali linalowaangusha Waafrika wengi kwenye NIW: hii yote ya Dodoma na Makueni inaihusu nini Marekani? Usikasirike, ni swali halali. Usijibu kwamba sumukuvu ni tatizo la dunia nzima, hilo ni jibu la kila mtu. Mimi nilijibu hivi, FDA ya Marekani (mamlaka ya chakula na dawa) hairuhusu zaidi ya ppb 20 (sehemu 20 katika bilioni) za sumukuvu kwenye chakula cha binadamu, kwetu Afrika Mashariki kiwango ni kikali zaidi, ppb 10, kwaiyo utaratibu uliotengenezwa kwa kiwango kikali unafaa kwa kilegevu. Mahindi ya majimbo ya kusini yanapata shida hii miaka ya ukame. Na mwishoni mwa 2020 kuna chakula cha mbwa kilirudishwa kutoka madukani Marekani kwa sababu ya sumukuvu baada ya mbwa wengi kufa. (Sitanii, hiyo ya mbwa nadhani ilifanya kazi kuliko aya zangu zote.) Mambo ya nyumbani yawe ushahidi kwamba unaweza, mpango wako wa mbele ndo uongelee Marekani, na uwe mpango wa kazi mahususi, sio "nitaendelea na utafiti".

Walimu wa vyuo sikilizeni hapa. Dhanasar mwenyewe alikuwa mhandisi wa vyombo vya anga, akashinda kwa utafiti wake, ila upande wa kufundisha kwake walisema haujaonyeshwa kufika mbali zaidi ya wanafunzi wake. Kwaiyo kama mpango wako wote ni "nitafundisha", swali la kwanza hulivuki. Ukiwa na mtaala uliotengeneza wewe na vyuo vingine vikauchukua, hiyo sasa ni hadithi nyingine.

Barua za wataalamu. Barua yangu ya kwanza ilitoka kwa msimamizi wangu, mzee ananipenda sana, akaandika mimi ni mchapakazi, mwaminifu, mwenye nidhamu na kipaji cha kipekee, kurasa mbili. Haikusaidia kitu. Mwongozo wa USCIS wenyewe unasema barua za sifa tupu zisizo na maelezo mahususi haziongezi thamani. Barua nzuri inasema hivi: mimi ni nani na kwa nini maoni yangu yahesabike, namjua fulani kwa kazi yake tu, kabla ya kazi hii tulikuwa tunafanya vile, sasa tunafanya hivi, na hii hapa nyaraka inayoonyesha. Tafuta watano sita, zaidi ya nusu wawe watu ambao hujawahi kuandika nao pepa wala kufanya nao kazi. Unawapata wapi? Kwenye lile jedwali, wale dhahabu. Watu wanaogopa kumwandikia profesa wasiyemjua, lakini mtu ambaye tayari ametumia kazi yako ameshakufahamu nusu. Mimi nilimwandikia mmoja wa nyumbani hivi:

"Shikamoo Profesa. Samahani kwa kukusumbua. Kwenye pepa yenu ya karanga mlitumia utaratibu wetu wa kuchukua sampuli. Naandaa maombi ya ukaazi Marekani, na naomba, kama utaona inafaa, uniandikie barua ukieleza mlivyoutumia na kama ulibadilisha chochote kwenye kazi yenu. Hatujawahi kufanya kazi pamoja na ndo maana barua yako itakuwa na uzito. Naweza kukutumia pointi chache za kukumbushia. Ukiona haiwezekani nitaelewa kabisa Profesa."

Alijibu baada ya siku tisa, "Marahaba kijana, nitumie hizo pointi." Pointi ni sawa kumtumia, rasimu pia watu wanatuma, ila ayapitie, ayabadilishe kwa maneno yake na akubali kila sentensi maana anasaini yeye. Usiandike barua sita zenye maneno yaleyale, afisa anazisoma zote kwa mkupuo mmoja na "kazi yake ya kimapinduzi" ikitokea mara nne utaaibika.

Kwenye kigezo cha kupitia pepa za wengine, weka barua pepe za kushukuru kutoka kwa wahariri, moja kwa kila jarida, na ukumbuke mwaliko peke yake hautoshi, onyesha kwamba kweli ulipitia. Zile tuzo za kulipia dola 300 na majarida yanayochapisha chochote ndani ya siku tatu, achana nayo, yanachafua hata vizuri vyako.

Mambo ya muda. Unachotegemea lazima kiwe kilishatokea siku unayopeleka fomu, saitesheni zilizokuja baadaye haziokoi ombi la nyuma, kwaiyo kama barua kubwa inakuja mwezi ujao subiri mwezi ujao. RFE wanakupa mpaka siku 84 kujibu na unajibu mara moja tu, sio vipande vipande. Ukilipia huduma ya kujibiwa haraka, jibu la kwanza linatoka ndani ya siku 15 za kazi kwa EB-1A na 45 kwa NIW, na jibu linaweza kuwa ndo hiyo RFE. Ada zinabadilika, angalia tovuti ya USCIS siku ileile unayolipa maana ukikosea ada wanakurudishia bahasha yote.

Na kama ulikuja na viza ya J-1 (ya mipango ya kubadilishana wasomi), hasa kwa ufadhili wa Fulbright, angalia kama una sharti la kurudi nyumbani miaka miwili. I-140 inaweza kupita vizuri kabisa na bado grini kadi usipewe mpaka utimize hilo sharti au usamehewe, na NIW haikusamehei hilo, ni msamaha mwingine. Nimeona mtu kagundua hili baada ya kufanya sherehe. Pia fuatilia matangazo ya kuzuia viza kwa nchi, Burundi ilitajwa kwenye lile la Juni 2025, na orodha hizi hazikai mahali pamoja.

Yule jamaa yangu amemaliza kusoma zake 48. Saba ni dhahabu, na moja akakuta ni mwongozo wa mafunzo wa halmashauri ambao hakujua hata upo. Akaandika kuomba barua, ikafika juzi kwa DHL, nzuri sana, kurasa mbili, tani zimetajwa, vijiji vimetajwa, mihuri miwili. Haina tarehe. Tumewarudishia.